Jeraniamu la Bibi Lisife Kabla ya Mei

Jumapili, 9 Oktoba

Leo nimehamia kwa Bibi Tyyne. Bibi mwenyewe hayupo. Alianguka kwenye ngazi akiwa na ndoo ya uyoga, akavunjika nyonga, na sasa yuko mjini kwenye nyumba ya matibabu, wanamfundisha kutembea upya. Atakaa huko mpaka Mei. Uyoga ulisalimika. Alihakikisha kabla ya kuita msaada.

Mama anasema nyumba hii ina baridi mno kwa mtu wa umri ule. Anasema kuna chumba kizuri mjini, chenye sakafu ya joto na kengele ya kumwita muuguzi. Bibi anasema angetaka kuishi na kengele angezaliwa ng'ombe. Wamebishana kwenye simu wiki nzima. Mwishowe Bibi akatoa sharti. Jeraniamu lake, ua lake la chungu, libaki hapa majira yote ya baridi. Likiwa hai Mei, basi nyumba inafaa kwa kiumbe hai, naye anarudi. Likifa, atahamia kwenye chumba cha kengele bila neno.

Mama alikubali haraka sana. Mama hajawahi kulifikisha ua lolote Krismasi likiwa hai.

Mtunzaji ni mimi.

Si ua la kuchezea. Mama yake Bibi alilitoa kwao Karelia walipokimbia vita, kifuani, ndani ya koti, juu ya sleji iliyokokotwa na farasi thelujini. Shina limekuwa gumu kama mguu wa kuku mzee. Maua yake ni ya waridi hafifu, na ukigusa jani mkono unanukia mpaka jioni.

Maelekezo ya Bibi kwa simu: nilikate vibaki vishina tu, niliweke gizani kwenye stoo ya viazi chini ya sakafu, penye ubaridi usiogandisha. Maji kidogo mara moja kwa mwezi. Zaidi ya hapo nisahau kwamba lipo. Akasema, "Wewe Hilla una huruma za kupitiliza. Ua likilala, liache lilale."

Nimeahidi. Nimemaliza shule Juni. Sina kazi. Kwenye usaili wa chuo cha bustani waliniuliza kwa nini napenda mimea, nikaitazama meza mpaka muda ukaisha. Hili ndilo jukumu langu la kwanza la utu uzima. Sitaliharibu.

Jumatano, 12 Oktoba

Nililishusha stoo. Nimelipandisha tena. Kule kuna viazi, mitungi ya matango na chura. Ua lililokimbia vita, linakaa na chura!

Sijalikata pia. Nani angependa kukatwa mikono halafu apelekwe gizani?

Mpango wangu: likae chumbani kwangu, karibu na kipasha joto. Nimelimwagia maji ya vuguvugu. Linaonekana kufurahi.

Jumanne, 25 Oktoba

Lina vidukari. Limerefuka pia, shingo nyembamba, majani yamepauka kama mtu aliyekaa ndani akisoma. Nimewasugua vidukari mmoja mmoja kwa mswaki wa Mjomba Veikko, ambao huuacha hapa kwa ajili ya wikendi. Nimeusuuza vizuri.

Bibi alipiga simu kuuliza kama ua limelala. Nikasema linapumzika. Si uongo. Lilikuwa limeegemea ukuta.

Ijumaa, 4 Novemba

Huruma basi. Sasa ni utaalamu. Gari la maktaba lilipita, nikaazima kitabu. Kinasema: lipunguzwe, likae kwenye nyuzi tano hadi kumi, mwanga kidogo, hewa kavu. Nimezunguka na kipimajoto nyumba nzima. Stoo inafaa, lakini chura. Ukumbini kunagandisha. Ndani ya kabati la nguo ni joto.

Kisha nikafungua mlango wa sauna uani, kile chumba cha kuogea mvuke wa moto.

Nyuzi nane! Kuna kipasha joto kidogo kinachozuia bomba lisigande. Dirisha dogo upande wa kusini. Ukavu. Utulivu. Hakuna aliyeingia tangu Bibi aondoke, mimi naoga bafuni. Nimelikata vishina vizuri, nikaliomba radhi, nikalipandisha kwenye benchi la juu kabisa, mahali pa mgeni wa heshima.

Nimeufunga mlango nikiwa na amani kubwa. Kama wale wa chuo wangeniona leo.

Jumamosi, 5 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo kwetu huwekwa Jumamosi. Mjomba Veikko na Mama walikuja na mishumaa ya makaburini. Mimi na Mama tukaenda kuiwasha. Mjomba akasema atabaki kushughulikia mambo ya nyumbani. Sikuuliza mambo gani. Ni Jumamosi, siku ya kuwasha sauna, kuni zimepangwa ukutani, na mimi sikuuliza!

Tuliporudi moshi ulikuwa umesimama wima juu ya dohani ya sauna.

Mjomba alitoka amefunga taulo, mwekundu kama kamba wa kuchemshwa, amejaa sifa. Akasema ana miaka yote hii anaingia sauna lakini hajawahi kukutana na wazo kama langu, kuweka chungu cha harufu kule juu. Kinafungua kifua kuliko matawi yoyote ya kujichapia. Alikimwagia maji mara kadhaa ili kitoe harufu zaidi. Kishina kimoja alikivunja akajichapa nacho mgongoni, lakini hakikudumu.

Mama alikuwa bado garini anatafuta glavu. Hakusikia.

Nimeligusa shina. Laini, kama karoti iliyosahauliwa kwenye supu.

Jumatatu, 7 Novemba

Shina limekuwa jeusi. Nimelikwaruza kwa ukucha nikitafuta japo alama ya kijani. Hakuna.

Nimelia, nikala mkate, nikalia tena. Bibi ataishi kwenye chumba cha kengele kwa sababu yangu. Atakuwa anatazama maegesho ya magari. Hatasema neno, ndivyo alivyoahidi, na kutosema kwake ndiko kutakakoniua.

Mjomba ameshasimulia kwenye kituo cha mafuta, wanakokunywa kahawa wazee wote, kwamba mpwa wake amevumbua harufu mpya ya sauna. Leo watu wamenisimamisha dukani kuuliza ni mmea gani. Nikasema mnanaa.

Jumanne, 8 Novemba

Nina mpango! Bi Lempi!

Bi Lempi ndiye jirani, nyumba ya manjano ng'ambo ya barabara. Dirishani kwake kuna jeraniamu lenye ukubwa wa ndama, nalo ni mtoto wa lile la Bibi. Historia yake inauma. Zamani Bibi alimpa kipandikizi, tawi la kupanda, na Bi Lempi akasema asante. Watu wote hapa wanajua kwamba mmea haushukuriwi; ukishukuru haushiki. Haukushika. Basi siku ya kuzaliwa ya Bibi, Bi Lempi akaja, akala keki, akavunja tawi lingine kimyakimya akaondoka nalo kwenye mkoba. Na mmea wa kuibwa ndio unaoshika kuliko yote, hilo nalo linajulikana. Ukashika mpaka ukalipita la Bibi. Tangu hapo wanasalimiana kanisani tu. Bibi anasema hana kinyongo na wizi. Ana kinyongo na ukubwa.

Kwa hiyo damu ni ileile. Nikipata kipandikizi kwa Bi Lempi, nikakiegemeza kwenye shina lililokufa, kikashika, nani atajua? Kuomba siwezi. Atauliza kwa nini, na habari itamfikia Mama kabla sijavuka barabara. Na hata nikiweza, cha kupewa nitakishukuru tu, najijua.

Lazima niibe. Sijawahi kuiba. Niliwahi kurudisha penseli ya mwalimu kwa posta.

Jumatano, 9 Novemba

Nimekwenda kwa Bi Lempi na sahani, nikadai ni yake, Bibi alisahau kuirudisha. Si yake. Akaipokea, akaigeuza, akasema alikuwa anaikumbuka sana.

Akanikalisha kando kabisa ya jeraniamu, majani yananigusa sikio. Akaleta kahawa na mkate mtamu wa iliki. Akasema amesikia habari za sauna yetu na kwamba Veikko anazunguka akinusisha watu taulo lake. Nikatazama kikombe. Akasema basi, anakwenda kuangalia posta.

Alikawia. Nikakaa, mikono magotini. Akarudi, akanitazama, akalitazama ua, akasema anakwenda kuangalia posta tena. Mara ya tatu akasema anakwenda kuona mbwa amepotelea wapi. Mbwa alikuwa amelala juu ya miguu yangu.

Sikuweza. Mtu mwenye kumbukumbu dhaifu kiasi kile, nimwibie?

Ijumaa, 11 Novemba

Nimerudi na sahani nyingine. Safari hii kulikuwa na mkasi dirishani, umeachwa wazi pembeni ya chungu, na mfuko wa karatasi umepanuliwa mdomo. Bi Lempi akatoka kwenda kuangalia hali ya hewa.

Mkasi wazi, na mzee mwenye macho hafifu! Nikaufunga haraka nikaurudisha kwenye droo ya jikoni. Mfuko nikaukunja vizuri.

Bi Lempi aliporudi alitazama pale mkasi ulipokuwa. Akaniuliza shuleni hasa walinifundisha nini. Nikasema nilikuwa mzuri wa Kiswidi na historia.

Akasema, "Naona."

Jumanne, 15 Novemba

Nimefanya.

Bi Lempi alinifungulia mlango akiwa amejitanda blanketi. Akasema leo hakuna kahawa, ana usingizi, na yeye akishalala hata gari la zima moto lipite sebuleni halisikii. Akajilaza kwenye kochi, akageukia ukuta, akaanza kukoroma palepale. Sijawahi kuona mtu akilala haraka namna ile. Mkasi ulikuwepo tena, na sasa umefungwa kwenye chungu kwa utepe wenye fundo gumu. Nilijaribu kuufungua niurudishe kwenye droo, nikashindwa. Nikaona basi, nitumie.

Nikashika tawi. Bi Lempi akazungumza usingizini:

"Si hapo. Chini ya kifundo. Na majani ya chini yatoe."

Niliganda. Akakoroma tena. Maskini, hata ndotoni anahudumia maua. Lakini ushauri ulikuwa mzuri. Nikakata chini ya kifundo, vipandikizi vitatu, nikavitia ndani ya koti, kifuani. Mlangoni ulimi ulitaka kusema asante wenyewe, kwa mazoea ya nyumbani. Nikauuma mpaka barabarani.

Nimevipanda vyote vitatu kwenye chungu cha Bibi, kuzunguka shina jeusi, na kuvifunga kwake kwa uzi wa soksi mwekundu. Viko dirishani jikoni, penye ubaridi kiasi. Ukisimama mbali na kufumba jicho moja, ni mmea mmoja unaochipua.

Jumatatu, 26 Desemba

Kimoja kilioza wiki ya kwanza. Sikulaumu mtu.

Kwa Krismasi nilimtumia Bi Lempi kadi. Ningekosaje, baada ya kahawa yote ile? Nikaandika: Asante kwa kahawa. Leo asubuhi cha pili kimelala kwenye udongo, cheusi.

Kwa kahawa tu! Niliandika wazi kwamba ni kwa kahawa!

Kimebaki kimoja. Sisemi asante kwa mtu yeyote mpaka Mei. Dukani nimelipa nikaondoka kimya, wakaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 12 Februari

Mama amekuja kukagua. Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri, kope zinashikana. Niliweka mshumaa nyuma ya chungu ili kivuli kifiche shina, na nikasimama mbele yake nikimpa Mama biskuti.

Aliniondoa kwa mkono. Akaliangalia ua. Kile kipandikizi kimoja kimepata matawi, na majani kadhaa makubwa. Mama akasema ajabu, majani yote yanatokea upande mmoja. Nikasema upande wa pili unapumzika. Akasema ajabu tena, shina ni jeusi sana. Nikasema ni umri.

Alitaka kuwajibu watu wa kile chumba leo hii. Nilijua, kwa sababu alikuwa ameshika simu muda wote bila kupiga. Mwishowe akairudisha mfukoni. Akasema yeye hawezi kutofautisha jeraniamu na kabichi, hivyo hataamua. Chumba wanaweza kukishikilia mpaka Mei. Bibi mwenyewe atalitazama na kusema kama ndilo au silo, na neno lake litakuwa la mwisho, maana Bibi hajawahi kusema uongo hata kwa daktari wa meno.

Nimekula biskuti zote zilizobaki.

Jumapili, 30 Aprili

Kesho. Kipandikizi kimekuwa kichaka. Kimefunika karibu shina lote jeusi, na kuna vichwa vya maua ambavyo bado havijafunguka. Nimejaribu kukata uzi mwekundu. Nilipoulegeza kila kitu kiliinamia dirishani kama mlevi. Nimeurudisha, nikaongeza udongo juu.

Nimefikiria mpango wa kuficha miwani ya Bibi. Nimefikiria pia kuungama. Miwani ni rahisi zaidi.

Jumatatu, 1 Mei

Amekuja. Miwani anaivaa kwa kamba shingoni siku hizi. Wameniharibia mpango wangu kule kule mjini.

Aliingia taratibu na kigari chake cha kutembelea, Mama nyuma yake amekinga mikono hewani kana kwamba Bibi ataangukia humo. Mjomba Veikko alibeba mabegi na donati za sikukuu. Bibi hakutazama jiko, wala kitanda, wala dari iliyovuja. Alikwenda moja kwa moja dirishani.

Mama akamkumbusha sharti. Kwa upole, lakini akalikumbusha lote, pamoja na kile chumba. Akauliza, "Haya mama, ndilo lile?"

Bibi akaketi. Akainua majani kwa kidole kimoja. Alilitazama shina. Akakwangua udongo kidogo, na nikaona, na yeye akaona, ule uzi mwekundu. Nilishika meza. Bibi akafikicha jani akalinusa, kisha akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya manjano, kwa muda mrefu kiasi kwamba Mjomba alimaliza donati nzima.

Kisha akaurudishia uzi udongo wake, akaubana kwa kidole gumba.

"Ndilo," akasema. "Hili ni jeraniamu la mama yangu. Naapa."

Hakugundua!

Mama alivaa koti. Halafu akatoka nje na simu, na kupitia kioo nilimsikia akiwaambia watu wa chumba wampe mtu mwingine. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni upepo, akaanza kukuna sakafu kwa kiatu akisema angalau madirisha yatengenezwe. Bibi akasema hayo yanazungumzika.

Lakini macho ya Bibi yananipa wasiwasi. Uzi mwekundu kabisa, sentimita chache kutoka kwenye pua yake! Sitamwambia Mama ampeleke kupimwa. Bado mapema.

Kisha likatokea jambo nisilolielewa. Bibi aliniagiza nikamwite Bi Lempi aje anywe kahawa. Bi Lempi! Hajaingia humu tangu ile keki. Alifika upesi sana, amevaa viatu vya kanisani. Wakatazamana. Bibi akamuuliza jeraniamu lake linaendeleaje. Bi Lempi akasema si vibaya, ila vuli iliyopita lilipungua kidogo kwa sababu ya panya.

"Panya?" akasema Bibi.

"Panya. Anatumia mkasi."

"Panya wa siku hizi wamesoma," akasema Bibi.

"Huyu alisoma Kiswidi na historia," akasema Bi Lempi, na wote wawili wakacheka mpaka Bibi akashika nyonga na Mama akakimbilia dawa.

Nilibaki na kikombe changu, masikio yanawaka. Hata hivyo nimepona. Wanaamini kweli ni panya. Kesho nitamnunulia Bi Lempi mtego, ili hadithi isimame vizuri.

Jumatano, 3 Mei

Mtego umepokelewa. Bi Lempi alilazimika kukaa chini.

Bibi amelala kitandani kwake, kwenye nyumba yake, mlango wazi. Namsikia akikoroma, kukoroma kwa kweli, na ninakiri moyo wangu umejaa.

Nimepitia majira yote ya baridi kwa makini, hatua kwa hatua, nikaona jambo moja dhahiri: nina kipaji. Jeraniamu la watu wengine lingekufa. Kwa hiyo leo nimebandika tangazo dukani, na nimejilazimisha kuongea na watu wawili kabisa kulihusu. Vuli ijayo nitapokea maua ya kijiji kizima yasiyovumilia baridi. Mchungaji ataleta oleanda zake. Mwalimu wangu wa zamani ataleta fuksia zote, na ameniomba niwe mwangalifu, alizirithi.

Stoo ya Bibi haitatosha, lakini mahali nimeshapata. Ni kibanda cha Mjomba Veikko kando ya ziwa, kile anachokaushia samaki kwa moshi. Nimekipima mara mbili. Nyuzi saba. Giza la kiasi, hewa kavu kabisa, ndoano tayari darini za kuning'inizia vyungu. Mjomba anasema nikitumie tu, mwaka mzima kinakaa bure isipokuwa Oktoba, samaki wanapojaa nyavuni.

Inafaa kabisa. Nimewaambia watu wote walete maua mwanzoni mwa Oktoba.